Kishikio si kitu chenyewe: mwongozo kamili wa vitu vya Word ndani ya makro

Makro yangu (programu ndogo inayoifanyisha Word kazi) ilikuwa fupi kuliko barua ya udhuru. Itafute kila penye neno TAZAMA ndani ya ripoti, ipaweke kwenye orodha, kisha mwishoni ipitie orodha na kupaka rangi ya njano. Nilipoiuliza orodha ina vitu vingapi, ikasema 14, na kweli kwa kuhesabu kwa macho yalikuwa 14. Nikaiambia isome matini ya kila kimoja. Tupu. Tupu. Tupu, hadi cha kumi na nne. Hakuna ujumbe wa hitilafu, na hakuna hata herufi moja iliyopata rangi.

Huu hapa msimbo wenyewe. Usome polepole kabla ya kuendelea, maana karibu kila kitu nitakachoeleza kimejificha humu:

```
Dim r As Range, orodha As New Collection
Set r = ActiveDocument.Content
With r.Find
    .Text = "TAZAMA"
    .Forward = True
    .Wrap = wdFindStop
    Do While .Execute
        orodha.Add r
        r.Collapse wdCollapseEnd
    Loop
End With
```

Nilidhani naweka kwenye orodha mahali 14. Nilichoweka ni kishikio kimoja (kiungo kinachoelekeza kwenye kitu, si kitu chenyewe), mara 14. `Find` inapofanikiwa haitengenezi Range mpya, yaani kitu cha Word kinachoshika kipande cha matini kutoka herufi fulani hadi nyingine. Inaichukua ileile `r` na kuihamishia kwenye neno lililopatikana. Kisha `Collapse` inaibana iwe nukta mwishoni mwa neno. Mzunguko ulipokwisha, `r` ilikuwa nukta tupu baada ya TAZAMA ya mwisho, na vyumba vyote 14 vya orodha vilikuwa vikiitazama nukta hiyohiyo. Dawa ni neno moja:

```
orodha.Add r.Duplicate
```

Ukijua kwa nini neno hilo linatibu, nusu ya mwongozo huu unaijua tayari.

Hatua ya 1: Tenganisha kitu na kishikio chake

Ndani ya hati ya Word hakuna aya iliyokaa mahali ikisubiri kuitwa. Kuna matini, alama za mwisho wa aya, na taarifa za mpangilio. Unapoandika `ActiveDocument.Paragraphs(1)`, Word inakutengenezea papo hapo kitu kidogo kinachojua namna ya kuifikia aya ya kwanza, kisha inakupa kishikio chake. Ukiomba tena, inatengeneza kingine. Jaribu mwenyewe kwenye dirisha la VBA, lugha inayoandikiwa makro za Word:

```
Sub JaribuUtambulisho()
    Dim a As Paragraph, b As Paragraph
    Set a = ActiveDocument.Paragraphs(1)
    Set b = ActiveDocument.Paragraphs(1)
    Debug.Print a Is b                      ' False
    Debug.Print a.Range.IsEqual(b.Range)    ' True
    Set b = a
    Debug.Print a Is b                      ' True
End Sub
```

Mstari wa kwanza wa majibu huwashtua wengi. Aya ni ileile, lakini `Is` inasema hapana. Haidanganyi. `Is` haiulizi kama aya ni moja. Inauliza kama vishikio viwili vinaelekea kwenye kitu kimoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Chini ya Word kuna COM, mfumo wa Windows unaoziwezesha programu kushika vitu vya programu nyingine, na kanuni ya COM ni kwamba vishikio viwili ni vya kitu kimoja iwapo vyote viwili, vikiulizwa `IUnknown` yao (kiolesura cha msingi cha kila kitu cha COM), vinatoa anwani ileile. Aya mbili zilizoombwa mara mbili zina anwani mbili. Basi.

Kwa hiyo kila unaposhika kitu cha Word, kuna maswali matatu yasiyofanana, na makosa mengi huja kwa kujibu moja ukidhani umejibu jingine: je, hivi viwili ni kishikio cha kitu kimoja? Je, vinaelekeza mahali pamoja kwenye hati? Na je, kinachoelekezwa kingali hai?

Hatua ya 2: Linganisha mahali, usilinganishe vishikio

Ukitaka kujua kama Range mbili ziko mahali pamoja, tumia `IsEqual`. Hiyo hulinganisha mwanzo, mwisho, na aina ya mkondo wa matini. Mkondo una maana kwa sababu hati ya Word si uzi mmoja: matini kuu ina uzi wake, tanbihi zina wao, vichwa vya kurasa vina wao, na kila mmoja unahesabu herufi kuanzia sifuri. Ndiyo maana kulinganisha `Start` na `End` peke yake ni mtego. Herufi ya 0 ya tanbihi na herufi ya 0 ya matini kuu ni sehemu mbili tofauti kabisa.

`IsEqual` nayo haitaji hati. Makro yako ikishughulika na hati mbili kwa wakati mmoja, ongeza ukaguzi huo mwenyewe:

```
Function MahaliPamoja(a As Range, b As Range) As Boolean
    If a.Document.FullName <> b.Document.FullName Then Exit Function
    MahaliPamoja = a.IsEqual(b)
End Function
```

Kama swali ni “hii imo ndani ya ile?”, tumia `InRange`. Kama ni “ziko kwenye mkondo mmoja?”, tumia `InStory`.

Utakutana na watu wanaolinganisha kwa `ObjPtr`, ile amri iliyofichwa inayotoa anwani ya kitu kwenye kumbukumbu. Achana nayo. Kitu kikishaachiliwa, anwani yake ni kiwanja kitupu, na kitu kingine kinaweza kujengwa hapohapo. Ukihifadhi anwani ya aya leo na kuilinganisha na ya aya nyingine mistari kumi baadaye, unaweza kuambiwa ni moja, ilhali hazijuani.

Hatua ya 3: Jua lini unapata nakala na lini unapata jina la pili

```
Set r2 = r1              ' majina mawili, kitu kimoja
Set r2 = r1.Duplicate    ' vitu viwili, mahali pamoja kwa sasa
r2 = r1                  ' hatari
```

Mstari wa kwanza haukupi nakala. Ukiisogeza `r2`, `r1` nayo imesogea, maana ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Mstari wa pili unakupa Range inayojitegemea. Unaweza kuibana, kuirefusha, au kuipeleka mwisho wa hati bila kuigusa ya kwanza.

Wa tatu ndio unaoharibu kazi za watu. Umesahau `Set`. VBA inaposoma hivyo inadhani unataka thamani, si kitu, na thamani ya msingi ya Range ni `Text`. Kwa hiyo kama `r2` tayari imeshika aya fulani, matini ya aya hiyo inafutwa na mahali pake panawekwa matini ya `r1`. Hakuna onyo. Kama `r2` bado ni `Nothing`, yaani haijashika kitu, una bahati: utapata hitilafu 91 na makro itasimama. Kama umeitangaza kuwa `Variant`, aina inayopokea chochote, itageuka kuwa kipande cha maandishi, na utakuja kulia mistari ishirini mbele unapoiomba `r2.Start`.

Angalia pia ukitumia Range kama kipokezi cha amri nyingine. Ukiipitisha `r` kwa utaratibu mwingine, hata kwa `ByVal`, kinachonakiliwa ni kishikio, si Range. Utaratibu ule ukifanya `r.Collapse`, Range yako imebanwa. Kawaida yangu: utaratibu wowote unaopokea Range na kutaka kuisogeza huanza kwa `Set yangu = r.Duplicate`.

Hatua ya 4: Kaa mbali na Selection na ActiveDocument

Zamani, kabla ya Word 97 kuleta VBA, makro za Word ziliandikwa kwa WordBasic, na karibu kila kitu kilifanyika pale kishale kilipo: nenda, chagua, andika. Kinasa makro bado kina tabia hiyo. Ndiyo maana misimbo mingi iliyonaswa imejaa `Selection`.

`Selection` ni mali ya dirisha, na mtumiaji ana haki nayo kama wewe. Ukiandika `Set s = Selection`, hujashika mahali; umeshika kishale, na kishale kitaenda anakokipeleka mwenye panya. Kama unataka mahali kilipo sasa hivi, chukua `Set r = Selection.Range`. Hiyo ni Range mpya, haifuati kishale.

`ActiveDocument` ina ugonjwa huohuo. Ni jibu la swali “hati ipi iko mbele sasa?”, na jibu linaweza kubadilika kati ya mstari mmoja na mwingine. Iulize mara moja tu, mwanzoni, uweke jibu kwenye kibadilika chako:

```
Dim hati As Document
Set hati = ActiveDocument
```

Au vizuri zaidi, shika kile ambacho `Documents.Open` au `Documents.Add` imekurudishia. Lakini hapo kuna shimo dogo. Ukifungua faili ambalo mtumiaji tayari amelifungua, `Documents.Open` haikupi hati mpya; bila `Revert:=True`, inaileta mbele ileile iliyo wazi na kukupa kishikio chake. Makro yako ikimaliza na kuifunga bila kuhifadhi, umeifunga kazi ya mtu. Kagua kwanza:

```
Function HatiIliyoWazi(njia As String) As Document
    Dim d As Document
    For Each d In Documents
        If LCase$(d.FullName) = LCase$(njia) Then
            Set HatiIliyoWazi = d
            Exit Function
        End If
    Next d
End Function
```

Ikirudisha `Nothing`, fungua mwenyewe na ujiwekee alama kwamba wewe ndiye uliyefungua. Asiyefungua mlango asiufunge.

Jambo jingine la hati: `SaveAs2` inabadilisha jina la faili, haibadilishi kitu. Kibadilika `hati` baada ya hapo kimeshika faili jipya. La zamani limebaki kwenye diski, na hakuna anayelishika.

Hatua ya 5: Tambua kifo

Funga hati, kisha uliza `hati Is Nothing`. Jibu ni `False`. Kibadilika bado kina kishikio. Ni kitu cha upande wa pili kilichoondoka. Ukikigusa utapata hitilafu 5825, yaani kitu kimefutwa. Vivyo hivyo kwa jedwali lililofutwa, alamisho (bookmark) iliyoondolewa, maoni yaliyofutwa.

Kuna `IsObjectValid`, mali ya `Application` ambayo sijui kwa nini watu hawaitumii:

```
Function KingaliHai(kitu As Object) As Boolean
    If kitu Is Nothing Then Exit Function
    KingaliHai = Application.IsObjectValid(kitu)
End Function
```

Range ina desturi tofauti, na hili ni muhimu. Ukifuta matini iliyomo ndani ya Range, Range haifi. Inabanwa ikawa nukta: `Start` inakuwa sawa na `End`, `Text` inakuwa tupu, na kila amri inaendelea kukubaliwa. Kwa hiyo `KingaliHai(r)` itasema ndiyo, nawe utaandika matini mpya mahali ambapo hapana tena maana. Kwa Range, swali la uhai halitoshi. Uliza pia kama ina urefu:

```
If r.Start = r.End Then ' kilichokuwapo hakipo tena
```

Upande wa pili wa desturi hiyo ndio unaoifanya Range kuwa ya thamani. Hati ikihaririwa kabla yake, Range inajirekebisha. Chukua Range inayoanza herufi ya 500, ingiza herufi 20 mwanzoni mwa hati, na Range sasa inaanza 520, ikishika maneno yaleyale. Namba ulizohifadhi kwenye `Long` hazifanyi hivyo. Niliwahi kukuta makro iliyohifadhi mianzo ya vichwa vyote kwenye safu ya namba kisha ikaanza kuingiza maneno kwenye kila kichwa kuanzia juu. Kichwa cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili kilikosea kwa urefu wa ingizo moja, cha tatu kwa mawili, na kufikia cha kumi maneno yalikuwa yakiingia katikati ya sentensi za watu. Kama ni lazima utumie namba, fanya kazi kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Hatua ya 6: Kufuta ndani ya mzunguko

Hati ina majedwali 6, nawe unataka yote yaondoke.

```
For i = 1 To hati.Tables.Count
    hati.Tables(i).Delete
Next i
```

Duru ya kwanza inafuta jedwali la 1. Lililokuwa la 2 sasa ndilo la 1. Duru ya pili inafuta `Tables(2)`, ambalo asili yake ni la 3. Ya tatu inafuta lililokuwa la 5. Duru ya nne inaomba `Tables(4)`, lakini yamebaki matatu: hitilafu 5941, mwanachama huyo hayupo kwenye mkusanyo. Namba ya mpangilio si utambulisho. Ni nafasi kwenye foleni, na foleni inasogea.

```
For i = hati.Tables.Count To 1 Step -1
    hati.Tables(i).Delete
Next i
```

`For Each` haikuokoi hapa. Ukifuta huku unapita, utaruka baadhi. Kama unachagua vya kufuta kwa kigezo kigumu, pita mara ya kwanza ukikusanya vishikio kwenye `Collection`, kisha pita mara ya pili ukivifuta. Vishikio vya majedwali havijali foleni.

Na kama haufuti, bali unasoma tu aya za hati ndefu, tumia `For Each`. `Paragraphs(i)` hutafutwa upya kila duru, na kwenye hati ya mamia ya kurasa utaona kasi ikishuka kadiri `i` inavyokua.

`With` inastahili neno moja hapa. `With hati.Tables(1)` inaomba kishikio mara moja na kukishikilia kimyakimya hadi `End With`. Hata jedwali jipya likiingizwa juu yake katikati ya kazi, nukta zako bado zinalielekea lilelile la mwanzo.

Hatua ya 7: Mpe jina unayetaka kumkuta kesho

Yote niliyoeleza yanaishi ndani ya makro moja. Ukifunga Word, vishikio vyote vimekufa, hata vile vya `Static`. Ndani ya kikao chenyewe pia, vibadilika vya kiwango cha moduli hufutika ukibofya kitufe cha kusitisha baada ya hitilafu, au msimbo ukikutana na amri ya `End`. Kwa hiyo kitu unachotaka kukikuta tena lazima kiwe na utambulisho ulioandikwa ndani ya hati yenyewe. Mimi hutumia njia mbili tu.

Ya kwanza ni alamisho. Jina lake kwa kawaida huanza na herufi, lina hadi herufi 40, halina nafasi. Likianza na mstari wa chini, alamisho hufichwa mtumiaji asiione kwenye orodha ya kawaida. Tatizo lake kubwa ni kwamba ukiandika matini juu ya alamisho yenye maneno ndani yake, alamisho inafutika pamoja na maneno. Kila anayejaza barua kwa makro amepitia hili: mara ya kwanza inajaza vizuri, mara ya pili 5941. Utaratibu ni kushika Range, kuandika, kisha kuirudisha alamisho:

```
Sub JazaAlamisho(hati As Document, jina As String, maneno As String)
    Dim r As Range
    If Not hati.Bookmarks.Exists(jina) Then Exit Sub
    Set r = hati.Bookmarks(jina).Range
    r.Text = maneno
    hati.Bookmarks.Add jina, r
End Sub
```

Mbona Range haikufa pamoja na alamisho? Kwa sababu `Bookmarks(jina).Range` ilikupa kitu kingine kabisa, kisichotegemea alamisho, na baada ya kuandika `r.Text` Range hiyo imenyooka kuyashika maneno mapya. Hapa ndipo unaona faida ya kutofautisha vishikio.

Njia ya pili ni kidhibiti-maudhui (content control), kilichokuja na Word 2007. Kina `ID` ambayo Word inaitoa yenyewe, na `Tag` unayoiandika wewe. Napendelea `Tag`, na nakitafuta hivi:

```
Set vidhibiti = hati.SelectContentControlsByTag("mteja_jina")
If vidhibiti.Count = 1 Then vidhibiti(1).Range.Text = "…"
```

Amri inarudisha mkusanyo, si kimoja, kwa sababu `Tag` inaweza kujirudia. Mtumiaji akinakili na kubandika, nakala inakuja na `Tag` ileile. Amua mapema: vikipatikana viwili, utajaza vyote au utalalamika? Usimwachie `vidhibiti(1)` aamue.

Alamisho haina tatizo hilo ndani ya hati moja: ukinakili maneno yaliyo na alamisho kwenda sehemu nyingine ya hati hiyohiyo, alamisho inabaki na ya asili.

Hatua ya 8: Unapoiendesha Word kutoka nje

Kwenye VBA ya ndani ya Word, kuachilia si kazi yako. Kibadilika cha ndani kinaachiliwa `End Sub` inapofika. Mistari ya `Set r = Nothing` inayopangwa mwishoni kama askari wa gwaride haiongezi chochote, isipokuwa pale vitu viwili vya madarasa yako mwenyewe vinaposhikana mikono, mzazi akimshika mtoto na mtoto akimshika mzazi. Hapo hesabu ya vishikio haifiki sifuri, na lazima ukate mkono mmoja. Ogopa pia `Dim x As New DarasaLangu`: kila ukiuliza `x Is Nothing`, VBA inakiumba kabla ya kujibu, hivyo jibu ni `False` milele.

Nje ya Word, kwenye Excel au Python, mambo ni mengine. Kwanza, jua kama Word ni yako au ya mtumiaji:

```
Dim wd As Object, nimeianzisha As Boolean
On Error Resume Next
Set wd = GetObject(, "Word.Application")
On Error GoTo 0
If wd Is Nothing Then
    Set wd = CreateObject("Word.Application")
    nimeianzisha = True
End If
' ... kazi ...
If nimeianzisha Then wd.Quit 0
```

Usitegemee kwamba kuachilia kishikio kutaizima Word. Bila `Quit`, WINWORD.EXE isiyoonekana inaweza kubaki kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa, imeshikilia faili lako, na kesho utaambiwa faili linatumiwa na mtu mwingine. Huyo mtu ni wewe wa jana.

Halafu kuna hitilafu 462, inayotokea makro ya Excel inapoendeshwa mara ya pili tu. Mara ya kwanza salama. Tafuta kwenye msimbo `ActiveDocument`, `Selection` au `Documents` ambayo haikutanguliwa na `wd.` yako. Ukiwa umeunganisha maktaba ya Word, neno hilo lililo uchi linatengeneza kishikio cha siri kwa Word ya kwanza, na kishikio hicho kinadumu hata baada ya Word hiyo kuzimwa. Duru ya pili inagonga mlango wa nyumba iliyobomolewa. Andika `wd.ActiveDocument`, `hati.Range`, kila mahali, bila kuchoka. `IsObjectValid` nayo iite kwa `wd`, maana `Application` ya Excel haina habari nayo.

Kwa Python na pywin32, maktaba inayoiwezesha Python kuzungumza na COM:

```
import win32com.client

wd = win32com.client.DispatchEx("Word.Application")
try:
    hati = wd.Documents.Open(r"C:\kazi\ripoti.docx")
    print(hati.Paragraphs.Count)
    hati.Close(0)
finally:
    wd.Quit(0)
```

`DispatchEx` inaanzisha Word mpya badala ya kuivamia iliyo wazi. Kizuizi cha `finally` si pambo. Kazi ikifia njiani, ndicho kinachoizima Word. Usilinganishe kwa `is` ya Python, kwa sababu kila ombi linaleta ganda jipya la Python juu ya kishikio; `==` ndiyo inayochungulia chini ya ganda. Hata hivyo kwa aya na Range rudi kwenye `IsEqual`, kwa sababu zilezile za hatua ya 1.

Kwa wanaotumia LibreOffice Writer

Majina yanabadilika, maswali ni yaleyale. Kwenye Basic yake, `EqualUnoObjects(a, b)` ndiyo inayouliza kama vishikio viwili ni vya kitu kimoja. Mahali hulinganishwa na kitu cha matini chenyewe, kwa `compareRegionStarts` na `compareRegionEnds`, ambazo hujibu 0 zikikutana pamoja. Nakala ya mahali unaipata kwa `createTextCursorByRange`. Hati iliyofungwa hukurushia `DisposedException`.

Kitu kimoja humvuruga kila anayetoka VBA: si kila unachopata ni kitu. Baadhi ya sifa ni miundo, na miundo hukabidhiwa kama nakala. Mstari huu haufanyi lolote, wala haulalamiki:

```
oAya.ParaLineSpacing.Height = 150
```

Umebadilisha nakala, nakala ikatupwa. Ichukue, ibadilishe, irudishe:

```
nafasi = oAya.ParaLineSpacing
nafasi.Height = 150
oAya.ParaLineSpacing = nafasi
```